Verna na Harlan Walipofika Isiolo

Mwaka wa kiangazi kikubwa, elfu moja mia tisa themanini na nne, Madina binti Halkano alikuwa akipeleka maziwa nyumba sita za walimu, na nyumba ya Mwalimu Karimi aliiacha iwe ya mwisho kwa makusudi. Kwingine alipiga hodi, akamimina, akaondoka kabla hajaulizwa habari. Alikuwa msichana wa aibu, ambaye akisemeshwa huangalia vidole vya miguu yake kama kwamba jibu limeandikwa huko. Kwa Mwalimu Karimi alikaa.

Mwalimu Karimi alikuwa Mmeru, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, na alitaka kurudi chuo kikuu kuongeza shahada. Chuo kilimtaka aandike insha ndefu ya kulinganisha riwaya mbili za Marekani: wahusika wake, mambo yanayosemwa ndani yake, na namna kitabu kimoja kinavyokijibu kingine. Vitabu alikuwa navyo. Karatasi alikuwa nazo. Mtu wa kuzungumza naye ndiye aliyekosekana, kwa sababu walimu wenzake wakikaa huzungumza uhamisho na bei ya miraa, basi.

Siku ya kwanza alimwuliza, "Madina, wewe unajua kusoma?"

"Kidogo, Mwalimu. Niliachia darasa la tano."

"Kwa nini?"

"Ng'ombe walikufa."

"Ng'ombe wafe, wewe uache shule?"

"Alibaki ndama mmoja, Mwalimu. Alitaka mtu wa kumchunga."

Mwalimu Karimi alicheka mpaka akavua miwani, na Madina, ambaye hakujua kwamba amesema jambo la kuchekesha, akacheka naye. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi baada ya maziwa, aliketi kwenye kizingiti cha jikoni akamenya viazi, naye mwalimu akamsimulia vitabu kwa Kiswahili. Alisema kwamba akikisimulia kitabu kwa mdomo ndipo anapoona mifupa yake.

Kitabu cha kwanza kilikuwa cha Harlan. Harlan alilelewa na mhunzi mmoja katika nchi ya mahindi matupu, mahindi mpaka macho yachoke. Alipofika miaka kumi na saba, mhunzi alimketisha kando ya moto wa kazi akamwambia: mimi sikukuzaa, nilikuokota kituo cha gari-moshi, umefungwa ndani ya koti la mwanamume. Harlan akalichukua lile koti, akazunguka Marekani miaka minne kumtafuta mwenye koti. Akampata katika mji wa migodi, mzee mlevi, ambaye alilitazama koti akasema, afadhali umelileta, huku kuna baridi. Harlan aliporudi kwenye mahindi, mhunzi alikuwa amezikwa wiki tatu.

Cha pili kilikuwa cha Verna, mtoto mweusi wa mji wa pamba, aliyelelewa na mfua nguo aitwaye Idella. Jumapili moja mhubiri alitaka kumsifu Idella kwa wema wake. Akasimama mbele ya kanisa zima akasema, mtazameni mama huyu, amemlea Verna kama wa tumbo lake, na wala si wa tumbo lake. Hiyo ndiyo mara ya kwanza Verna kusikia. Alienda mji mkubwa wa kaskazini, akawa mshonaji wa nguo za matajiri, akatuma barua kila Krismasi. Lakini barua zote zilianza kwa "Bi Idella".

"Sasa mimi ninaandika hivi," alisema Mwalimu Karimi, akipiga karatasi kwa kalamu. "Harlan na Verna ni mtu mmoja katika nguo mbili. Waandishi wote wawili wanatuambia kwamba mtu hawi huru mpaka ajue ametoka wapi. Ukweli unaumiza, lakini ndio unaomkomboa. Unaonaje?"

Madina aliangalia vidole vyake. Aliendelea kumenya, kiazi kikawa chembamba mkononi mwake.

"Sema tu, mama. Hapa hakuna mtihani."

"Hawafanani, Mwalimu."

"Haiya! Hawafanani namna gani?"

"Harlan aliambiwa na mhunzi mwenyewe. Lile neno lilikuwa la mhunzi, akampa kwa mkono wake, kama mtu anayempa mtoto fimbo aende safari. Lakini yule mhubiri, lile neno halikuwa lake. Aliiba. Tena aliiba akitabasamu." Akaongeza haraka haraka kama mtu anayemimina maji ya moto, "Na kitabu si cha Verna hata. Ni cha Idella. Verna aliondoka na miguu yake. Idella alibaki na kanisa lilelile, kila Jumapili, na watu walewale wakimtazama tumbo."

Mwalimu Karimi alivuta karatasi mpya akaandika ukurasa mzima bila kuinua kichwa, na alipokiinua, macho yake yaling'aa.

"Wewe mtoto, nani alikufundisha?"

Madina alikuwa hajawahi kuulizwa swali kama hilo maishani mwake. Utamu wake ulimpanda kichwani. Ndipo alipofanya kosa ambalo angelijutia: alijibu.

Kwao akina Madina, mwanamke akikosa mtoto, ndugu mwenye watoto wengi humpa mmoja. Wazee hubariki, mtoto hupakwa siagi kichwani pamoja na mama anayempokea, na tangu siku hiyo mtoto ana mama mmoja tu duniani. Aliyemtoa haji kuuliza mtoto analalaje. Waliokuwepo hawasemi, si kwa mzaha, si kwa hasira. Abiba, mama yake Madina, alipewa mtoto wake huko Merti katika miaka ya vurugu baada ya uhuru, watu walipokusanywa kambini na wengine wakakimbilia Somalia. Aliporudi Isiolo na mumewe Halkano, alikuwa na mtoto mgongoni, na mji uliokuwa umepoteza watu wengi kiasi kile haukuwa na nafasi ya kuuliza maswali.

Madina alilijua jambo hilo tangu darasa la tatu. Bibi yake, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoroka, alimwuliza Abiba kwa sauti kubwa, "Huyu ndiye yule tuliyepewa?" Abiba akamtia uji mdomoni kabla hajamaliza, na hakujua kwamba Madina yuko nyuma ya mlango na kuni mikononi. Toka siku hiyo, mtoto alijua na mama hakujua kwamba mtoto anajua, na nyumba ilikaa vizuri juu ya kimya hicho kwa miaka kumi.

Hayo yote Madina alimwambia Mwalimu Karimi, juu ya maganda ya viazi. Alimaliza kwa kusema, "Lakini Mwalimu, hili si la kusema."

"Najua, najua," alisema mwalimu, macho yake bado yaking'aa.

*

Mzee Halkano alikufa mwezi wa tisa. Alikuwa mnunuzi wa mbuzi aliyekonda pamoja na mbuzi wake, na alipoanza kukohoa hakukohoa siku nyingi. Aliacha kiwanja kimoja mtaa wa Bula Pesa, nyumba ya mabati ya vyumba vitatu, na mti wa kivuli aliokuwa akiumwagia maji ya kuoshea mikono. Hakuacha mtoto mwingine. Nduguye mmoja, Umuro, alikuwa miongoni mwa waliokimbilia Somalia zamani zile, na aliporudi alimkuta Madina anatembea, akamwita mtoto wa kaka yangu, akamnunulia viatu. Umuro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto tisa na chumba kimoja.

Siku ya tatu ya matanga, wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake wamejaa ndani mikekani. Mwalimu Karimi alifika na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Alivua viatu mlangoni akabaki amesimama, hajui aketi wapi.

"Karibu chini, Mwalimu," alisema Asho, mke wa Umuro, mwanamke mnene mwenye ulimi mwepesi. "Viti tumewapa wanaume. Sisi makalio yetu hayajasoma."

Wanawake walicheka chinichini, kicheko cha msibani kinachofunikwa na shungi. Mwalimu naye alicheka, akaketi, akapewa chai. Ingeishia hapo. Lakini kwao Meru anayekuja msibani husema neno la kumfariji mfiwa, mbele ya watu, na Mwalimu Karimi alikuwa amelitayarisha lake njiani. Aliushika mkono wa Abiba.

"Mama Madina," alisema kwa sauti ya darasani, "pole sana. Mimi nilitaka watu wote hapa wajue wewe ni mama wa namna gani. Kumzaa mtoto kila mtu anaweza. Lakini kumchukua mtoto wa mwenzako, kumlea miaka yote hii mpaka asionekane tofauti, huo ni moyo mkubwa. Mzee amekwenda, lakini amekuachia Madina, na Madina anakupenda kuliko aliyemzaa."

Kikombe kimoja kiliwekwa chini, na wote walisikia kikiwekwa. Abiba hakuutoa mkono wake. Aliusahau mikononi mwa mwalimu kama kitu cha mtu mwingine. Hakumtazama mwalimu. Alimtazama Madina aliyekuwa mlangoni na birika, na Madina, kwa mara ya kwanza, hakuangalia vidole vyake. Aliyaona macho ya mama yake yakielewa mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtoto anajua, na kwamba ni mtoto aliyesema.

"Ati nini?" alisema Asho. "Mtoto wa mwenzako nani?"

"Kunywa chai yako, Asho," alisema bibi mmoja mzee kutoka Merti, mmoja wa wale waliokuwepo siku ya siagi.

"Chai nitakunywa. Nimeuliza tu."

Alikunywa, akainuka, akatoka nje kwenda penye turubai.

*

Kesho yake Madina alienda kwa Mwalimu Karimi bila maziwa. Alimkuta mezani, karatasi zimetapakaa.

"Umemwambia kila mtu," alisema Madina.

"Madina, keti. Umelia? Lakini nilimsifu mama yako! Hukuona? Nilisema jambo zuri mbele ya watu wote."

"Mhubiri pia alisifu."

Mwalimu Karimi alizitazama karatasi zake. Alikuwa amekisoma kile kitabu cha Verna mara nne, alikuwa amekipigia mistari kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika ukurasa mzima juu ya mhubiri yule na wizi wake, na ule ukurasa ulikuwa hapo mbele yake na mwandiko wake mzuri.

"Mungu wangu," alisema polepole. "Nitaenda. Nitawaambia nilikosea, nilichanganya na mtu mwingine."

"Watakuuliza nani alikuambia. Na Asho amekwisha kumwambia baba mdogo."

"Nitasema..." Alivua miwani. "Anataka nini, huyo baba yako mdogo?"

"Ameita wazee wa msikiti. Kama mimi si wa baba, mama ni mjane asiye na mtoto. Fungu lake ni robo. Kinachobaki ni cha ndugu."

"Lakini baba yako angeandika wasia! Angekuandikia kitu!"

"Angeandikaje, Mwalimu?" alisema Madina. "Kuandika ni kusema."

Pengine bila yeye mwenyewe kujua, mkono wa Mwalimu Karimi ukaenda penye kalamu.

Madina aliuona ule mkono. Aliinuka akatoka, na Jumamosi iliyofuata maziwa ya nyumba ya sita aliyamwaga kwenye sufuria iliyokuwa dirishani, akaenda zake bila kupiga hodi.

*

Wazee walikaa baada ya sala ya alasiri, watano kwenye mkeka katika ua wa msikiti. Abiba na Madina waliketi pembeni kwenye kivuli cha ukuta, na kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Tangu matanga Abiba alikuwa hajamsemesha binti yake ila kwa mambo ya kazi: leta maji, funika sufuria.

"Mimi sina ubaya na huyu mtoto," alisema Umuro. Alisema kweli, na sauti yake ilikuwa ya aibu. "Viatu vyake vya kwanza nilinunua mimi. Nataka haki ijulikane tu. Kama ni wa kaka yangu, wallahi sitagusa hata bati moja."

Mzee Adano, aliyekuwa mkubwa wao, alikuwa mtu mwenye huruma, na alikuwa ametafuta njia usiku kucha.

"Maneno ya mwalimu si ushahidi," alisema. "Yule ni mgeni, na ni maneno ya kusikia. Hatutaita watu wa Merti waje kusema yale ambayo wazee wao walikataza. Tutamwuliza mwenyewe, basi. Abiba, ukiweka mkono kwenye msahafu ukasema huyu ulimzaa, maneno yameisha, na Umuro ataomba msamaha. Umuro, umekubali?"

"Nimekubali."

Wote walijua anachofanya Mzee Adano. Alikuwa anamfungulia Abiba mlango na kuugeuza uso wake upande mwingine. Msahafu uliletwa, umefungwa kwa kitambaa cha kijani, ukawekwa juu ya kibao kidogo.

Abiba aliinuka. Alikuwa mwanamke wa swala tano, ambaye hata akihesabiwa vibaya nyanya sokoni hurudi kutoa ile iliyozidi. Madina aliutazama mkono wa mama yake ukitoka ndani ya shungi, mkono uliochakaa kwa sabuni na moshi, ukielekea penye kile kitambaa. Angeapa. Kwa ajili ya vyumba vitatu vya mabati na mtoto, angeubeba uongo huo mpaka kaburini na baada ya kaburi.

"Mimi nilipewa," alisema Madina.

Alisema kwa sauti ndogo. Wazee wawili hawakusikia, ikabidi aseme tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu mama yake alikuwa amegeuka na kumtazama.

"Nilipewa. Huko Merti. Najua tangu niko mdogo. Mama asiape."

Mkono wa Abiba ulibaki hewani. Kisha ukarudi ndani ya shungi.

"Nani amekuuliza wewe?" alisema Mzee Adano, na kwa uchungu wake alisema kwa ukali. Umuro aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshinda, na hakuna aliyemwona akifurahi. Hukumu ilitolewa hivyohivyo kama Madina alivyoijua, robo kwa mjane na kilichobaki kwa ndugu, na mzee aliyeitoa alikohoa mara mbili katikati.

Walitembea kurudi nyumbani. Kwenye kona ya kisima, Abiba alisimama kama mtu aliyeingiwa na mchanga kwenye kiatu.

"Tangu lini?"

"Darasa la tatu."

"Miaka kumi." Abiba alitikisa kichwa. "Ningeapa, Madina. Mungu angenihukumu mimi, si wewe. Hilo lilikuwa langu."

"Sikutaka uapishwe uongo kwa ajili yangu."

"Uongo?" Abiba alimgeukia. "Uongo upi? Mimi nilipakwa ile siagi pamoja nawe. Nilikuwa naenda kuapa kweli." Akapiga hatua moja, akasimama tena. "Na hata hilo ningekusamehe, ulisema kwa kuniogopea. Lakini niambie jambo moja. Miaka kumi ulinyamaza na mimi. Yule mwalimu alikupa nini, hata ukampa yeye?"

Madina alitafuta jibu. Alitaka kusema: aliniuliza. Alitaka kusema kwamba mtu alimwuliza yeye anaonaje, na akaandika alichosema kama kwamba ni kitu. Lakini pale kwenye kona ya kisima, mbele ya uso ule, jibu hilo lilikuwa dogo mno kwa kulitoa mdomoni.

*

Mwalimu Karimi alipata nafasi yake chuoni mwezi wa kumi na moja. Kabla hajaondoka alimtumia Madina bahasha kupitia mtu wa dukani: nakala ya insha yake, na barua fupi iliyosema kwamba walimu wa chuo waliisifu zaidi ile sehemu ya Idella, kwamba hakuna aliyekisoma kitabu hivyo kabla, na kwamba kila usiku anaomba asamehewe. Madina aliisoma barua polepole, akiweka kidole chini ya maneno. Ile insha ilikuwa ya Kiingereza. Alitafuta jina lake kwenye kurasa zote ishirini na tatu, hakuliona. Aliliona la Idella mara nyingi.

Umuro alihamia mwezi huohuo na watoto wake tisa. Alimwambia Abiba abaki chumba cha nyuma, na alimaanisha, lakini Asho alikuwa amekwisha kuweka kuku wake humo. Abiba aliamua kwenda kwa kaka yake Merti. Lori la unga lilikuwa linaondoka asubuhi karibu na soko, na Madina alibeba sanduku la mama yake kichwani na furushi lake mwenyewe mkononi. Alilitupa sanduku juu, utingo akalipokea. Alipotaka kulitupa na furushi lake, Abiba alimshika kiganja.

"Wewe baki."

"Mama."

"Huko Merti wapo watu waliokutoa. Miaka yote hawakusogea, kwa sababu hakuna aliyesema. Sasa imesemwa. Watakuja mlangoni wakuangalie, na watu wataniuliza huyu ni wa nani." Abiba alifunga shungi lake kwa nguvu. "Zamani nilikuwa na jibu."

Alipanda kwa tairi, mwanamke wa miaka hamsini, utingo akimvuta mkono mmoja na wanawake wakimsukuma kutoka chini na kumtania kwamba ni mzito kama magunia. Aliketi juu ya unga, akatazama mbele, upande wa barabara. Lori liliwaka, likazima, likawaka tena, na wakati wote huo alikuwa karibu kiasi kwamba Madina angeweza kugusa pindo la nguo yake, na hakuigusa.

Lilipoondoka, vumbi lilikaa hewani muda mrefu, kwa sababu mvua ilikuwa haijanyesha. Mwuza chai wa pale sokoni alimwuliza Madina kama anangoja gari.

"La," alisema Madina.

"Sasa unangoja nini, na furushi mkononi?"

Madina aliweka furushi lake chini. Alimwuliza kama anahitaji mtu wa kuosha vikombe.